Mkono Begani kwa Babu

Alipokufa kaka yake bibi, ambaye sote tukimwita babu, kazi ya picha zake nilipewa mimi, kwa vile nnashinda na simu. "Zipige zote," mama aliniambia. "Tunahamia mtaa wa Mabela, makaratasi hatuyabebi."

Katika kila picha, kuanzia Unguja mpaka hapa ng'ambo, Khuwair, pembeni mwa babu pamepita mkasi. Aliyesimama naye hayupo. Kimebaki kiganja chake tu, begani kwa babu, na pete ya fedha. Picha ya sikukuu, kiganja. Picha ya bustanini, kiganja. Babu anazeeka, na kiganja kinazeeka naye.

Nikafanya nilichozaliwa kukifanya. Nikazituma saba kwenye grupu la ukoo: "Tahadhari! Babu alikuwa na jini, na jini ana pete." Binamu zangu walicheka mpaka mmoja akatuma kisomo. Nikasahau kwamba na bibi yumo.

Aliniita chumbani. Nilitegemea kuitwa hayawani, ndiyo salamu yangu ya kila siku. Hakunitukana.

"Yule si jini, mwanangu. Tumekula naye sinia moja miaka."

"Sasa nani kamkata, bibi?"

"Mimi."

Nikaiweka simu chini. Kwangu hilo ni tukio.

"Walipendana," akasema, kwa sauti ile ile anayoniulizia kama nimekula. "Kama watu na wake zao. Watu wakaanza kusema, nikaogopa. Alipokufa yule mwenzake, ndugu yangu alisimama nyuma kabisa mazikoni, kama mpita njia."

"Na mkono mbona umeuacha?"

"Ningekata bega la ndugu yangu."

Akatoa kopo la biskuti chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na mtu mmoja, vipande tele, kila kipande hakina kiganja. Kwenye vyote anacheka.

"Shangazi yako keshaniuliza humu mna nini. Kesho anakuja kufunga vyombo. Akiviona atavichoma."

Skuli kwetu watu kama wao wana jina, tunalitupiana uwanjani kutwa. Mie hulipaza kuliko wote, nisije nikatupiwa mimi. Siku ile nilivipanga vile vipande kitandani, kimoja kimoja.

Tulikaa mpaka alasiri, bibi anaunganisha, mimi napiga. "Siyo hiyo, hiyo kanzu ya Idi! Macho umewekewa pambo?" Zote nimezitia kwenye faili niliyoiita Fizikia. Nyumbani kwetu hakuna wa kuifungua.

Shangazi alivichoma kweli, uani, na kopo akalifanya la sindano. Utani wangu niliufuta, lakini binamu walishausambaza; huko bado ni jini.

Jina lake bibi kanitajia. Nimeliandika chini ya kila picha. Hapa silitaji, wa kwetu wanajua kusoma.

Siku hizi tukishamaliza chakula cha mchana, bibi husema, "Lete hiyo Fizikia." Nikimpa simu, humtafuta yule kwanza. Ndugu yake baadaye.