Wivu wa Hiske Kando ya Mfereji

Hiske Ypma alikuwa na wivu, na tusimfichie. Alimwonea wivu msichana wa miaka kumi na sita ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimfundisha, na pale klabuni kila mtu alilijua hilo. Aliyekuwa halijui, kwa alivyodhani Hiske, ni huyo msichana peke yake.

Kwao Friesland, jimbo la Uholanzi, watu hushindana kuvuka mfereji kwa upondo, na mchezo wenyewe una wazimu wake. Upondo mrefu kuliko nyumba husimikwa majini, ukielemea kidogo upande wa jukwaa. Mrukaji huja mbio, huurukia, huparamia kama anayekimbia mbwa huku upondo ukimpeleka ng'ambo, kisha huuachia na kutua mchangani. Asipofika, anaoga na nguo zake na watu wanacheka mpaka basi. Siri kubwa ni mahali kitako cha upondo kinapowekwa. Ukikisogeza mbali utatua mbali, lakini mbio zako zikiwa za kusuasua, upondo unasimama wima, unakufikiria kidogo, halafu unakurudisha majini.

Hiske alikuwa bingwa wa mambo hayo zamani. Rekodi ya wanawake ya klabu ilikuwa yake, na haikuwa imeguswa na mtu tangu avunjike bega na kuacha. Akaolewa, akaachika, akapata kazi ya kuendesha lori la maziwa, na kwa miaka ishirini hata kutazama mfereji ilikuwa kazi. Klabu ilipokosa kocha wa watoto walimbembeleza wee, mpaka akakubali ili wamwachie nafasi apumue. Alifundisha huku anapiga miayo.

Ndipo akaja Jildou, binti wa fundi bomba, mwembamba, hana maneno. Siku ya kwanza tu aliupanda ule upondo vile ambavyo Hiske alikuwa akiupanda, mikono ikipokezana bila kituo, na Hiske akamwonea wivu papo hapo. Miayo iliisha siku hiyo hiyo. Akaanza kufika uwanjani kabla ya watoto. Akiwa kwenye lori lake alizifikiria mbio za Jildou, mikono ya Jildou, anavyougeuza mwili akiwa juu. Watu wakasema kocha amefufuka. Walikuwa wamesema kweli, ila hawakujua kilichomfufua ni nini.

Maana wazee walipoanza kumwita yule mtoto Hiske mpya, Hiske wa zamani alienda chooni akajifungia. Mpya kitu gani? Kwani yeye amekufa?

Tangu hapo kila Jildou alipotaka kusogeza kitako cha upondo mbali, Hiske alimkatalia. Leo upepo. Kesho matope. Keshokutwa kifundo cha mguu hakijapona, na kifundo chenyewe kilikuwa kizima kama chuma. Alijiambia anamlinda mtoto. Jamani, mtu anaweza kujidanganya huku amesimama wima, mchana kweupe.

Likaja shindano la mwisho la msimu, lile la kuchagua watakaokwenda kugombea ubingwa wa taifa. Kila mmoja alikuwa na miruko mitatu. Jildou aliruka mruko wa kwanza, akapungukiwa kidogo na umbali uliotakiwa. Wa pili vilevile. Ukabaki mmoja, na baada ya huo ama fainali ya taifa ama nyumbani. Akamwendea kocha wake akauliza kwa sauti ndogo kama asogeze. Hiske akajibu kwamba aache pale pale, aongeze mbio tu.

Mzee Gosse, mtunza pondo, alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni ameshikilia upondo. Alimgeukia Hiske.

"Hiske," akasema, "huyo mtoto unamlea au unamfuga?"

Hakuna aliyecheka. Uso wa Hiske ukawaka moto. Alifungua kinywa kumtukana yule mzee. Akamgeukia Jildou, na kilichotoka hakikuwa kile alichokuwa amekipanga.

"Sogeza nusu mita. Ulitakiwa usogeze tangu Juni. Mimi ndiye niliyekuzuia."

"Najua, kocha," Jildou akasema. "Nilikuwa nangoja uchoke."

Akaenda zake kushika nafasi.

Alikimbia. Hiske alizisikia zile mbao za jukwaa kifuani mwake. Mtoto akaurukia upondo, akapanda, na upondo ukafika katikati ukasita. Hapo, hapo ndipo Hiske alipojikuta akiomba mambo mawili kwa wakati mmoja, aanguke na asianguke. Jildou akavuta mara mbili zaidi, upondo ukakubali, akatua mbali sana mchangani. Kipaza sauti kikatangaza fainali, kikatangaza na rekodi mpya ya wanawake ya klabu.

Mnafikiri wivu uliisha? Haukuisha hata chembe. Uliongezeka. Ila alipouangalia vizuri akakuta hauhusu rekodi. Rekodi wachukue. Alichomwonea Jildou wivu ni ile sekunde ya juu kabisa, upondo unaposita na mtu hajui utamvusha au utamrudisha. Alikuwa ameishi miaka ishirini bila sekunde hiyo, akasingizia bega.

Watu walipokuwa wanampongeza mtoto kwa mayowe, Hiske alivua viatu na soksi. Akamwambia Gosse asiutoe upondo. Gosse akamuuliza kama ana akili timamu, akajibiwa ashike tu. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, na suruali yake ya kazini, akakimbia, akaurukia, akapanda kidogo, akapanda tena, na upondo ukamrudisha majini chubwi, mbele ya kijiji kizima.

Kicheko kilikuwa kikubwa. Aliibuka na matope kwenye nywele, bega linamuuma vibaya, akaogelea mpaka ukingoni. Jildou alikuwa amekuja mbio, amepiga magoti, anamnyooshea mkono.

"Umechelewa kuanza kupanda, kocha," akasema.

"Nimeona," Hiske akasema, akiushika ule mkono. "Kesho unanifundisha."