Gari Lililosoma Manila

Niliporudi Isiolo kufundisha shule ya msingi, shule ile haikuwa na umeme, nami nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na wazimu wa kompyuta. Mkufunzi wetu mmoja wa hisabati alikuwa na kompyuta ndogo aliyoiunganisha na televisheni. Kwa muhula mmoja alituruhusu wanafunzi wanne tuandike amri, mstari kwa mstari, na kuona mashine ikitii. Ukikosea, ilikataa. Haikuuliza kabila lako wala umevaa nini. Nilipenda haki hiyo.

Mimi ni binti wa dereva wa lori. Miaka ya sabini baba alibeba mizigo kwenda Merti, na lori likiharibika mimi ndiye niliyelala naye chini ya chasi nikimpa spana. Nilishika nyaya za betri kabla sijashika sindano. Wanaume wa gereji walimwambia, "Huyu angezaliwa mvulana." Baba alinyamaza. Kunyamaza kwake kuliniudhi kuliko maneno yao.

Basi katikati ya miaka ya themanini, mfumo mpya wa elimu ulipoleta somo la sanaa na ufundi, niliomba kulifundisha darasa la sita. Wenzangu walifundisha kusuka vikapu. Mimi nilichora miraba uwanjani kwa majivu, nikamfunga macho mvulana mmoja kutoka Kipsing aliyekuwa akiishi mjini kwa shangazi yake, nikawaambia wenzake wamwandikie amri za kumfikisha langoni. Nilizisoma kama zilivyoandikwa. Mbele. Kulia. Mbele. Hakuna aliyekumbuka kuandika "simama." Mvulana alienda mbele hadi akaingia kwenye ua wa miiba na shati likapasuka.

Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Yeye alijitoa miibani na kusema, "Mlisema mbele. Hamkusema mwisho."

Sijapata kusikia mtu akieleza kazi ile ya kuandika amri vizuri zaidi. Mashine haijui ulichokusudia, inajua ulichosema.

Baada ya muhula mmoja walitaka mashine ya kweli. Nilileta redio kaseti mbili mbovu za kutolea mota kutoka gereji, wao wakaleta mikebe, nyaya na mipira ya tairi. Kiongozi wao alikuwa msichana wa Kiturkana kutoka Chechelesi, mwenye miaka kumi na miwili, mtoto asiyeongea sana lakini asiyeacha jambo. Walitengeneza gari la bati lenye mota mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma. Juu yake mkebe wa mafuta ya kupikia ulizunguka polepole, umevikwa karatasi ngumu ya manila iliyotobolewa matundu kwa safu mbili. Nyaya mbili ziliigusa manila. Penye tundu, waya uligusa bati na mota ikapata moto wa betri. Pasipo tundu, mota ililala. Tundu ni ndiyo, pasipo tundu ni hapana. Mota zote mbili zikiwaka, gari lilienda mbele. Ikiwaka moja, lilipinda. Ukibadilisha manila, gari lilikwenda njia nyingine.

Nilichofanya mimi ni kuuliza maswali. Kwa wiki mbili gari lilipinda kushoto tu, nami nilijua sababu, nikafunga mdomo. Msichana ndiye aliyegundua kwamba waya mmoja ulikuwa umelegea. Alikuja mbio ofisini, akaingia bila kubisha hodi.

"Mwalimu, haikuwa manila! Manila haikuwa na makosa!"

Tulichaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya sayansi ya shule za msingi, katika mji mmoja huko juu kwenye baridi ya mlima. Watoto wawili walisafiri nami, msichana huyo na mvulana wa Kipsing. Majirani walituaga wakisema tunakwenda Kenya, kama tulivyozoea kusema kwetu, kana kwamba Isiolo iko nje ya ramani. Nilicheka pamoja nao. Sikujua kwamba huko tuendako hawasemi kwa mzaha.

Majaji walikuwa watatu. Mkubwa wao, mwanamume mwenye suti ya kijivu, alisoma kibao chetu na kutabasamu.

"Isiolo? Hii gari imetengenezwa na nani?" Aliniuliza mimi.

"Na hawa, mheshimiwa. Waulize."

Akamgeukia msichana. "Baba yako anafanya kazi gani?"

"Ni mlinzi."

"Sasa wewe umeme ulijulia wapi?"

"Kwa kukosea," akajibu. "Tulikosea mara nyingi."

Jaji akacheka na kuandika. Mvulana akashika manila mpya na mkasi, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, chora njia yoyote unayotaka. Tutaitoboa hapa hapa."

"Hatuna wakati."

Niliiona karatasi yake kabla hajaigeuza. Alikuwa ameandika: kazi ya mwalimu.

"Hukumuuliza hata swali moja juu ya gari," nikamwambia.

"Dada, tuliza hasira. Tunajua watoto wa huko."

"Mimi si dada yako. Mimi ni mwalimu wao, na unawaita waongo mbele yangu."

Jaji wa pili, mwanamke wa makamo, alitazama sakafu. Walisonga mbele. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa shule iliyoleta jicho la plastiki la kufundishia, lililokatwa katikati, kila sehemu na rangi yake. Nililiinua nikatazama chini yake. Muhuri wa kiwanda ulikuwepo, wala hawakujisumbua kuufuta.

Tukirudi msichana aliniuliza swali moja tu. "Mwalimu, tungetengeneza gari baya kidogo, wangeamini ni letu?"

Hadi leo swali hilo hunichoma. Mtoto alikuwa ametafuta kosa kama nilivyomfundisha, akalitafuta ndani ya kazi yake mwenyewe.

Niliandika barua ya malalamiko, nikaandika nyingine. Hazikujibiwa. Mwalimu mkuu aliniita akasema, "Wafundishe kupita mtihani, mama. Haya mengine yanatuletea aibu." Muhula uliofuata chumba chetu cha ufundi kilijazwa magunia ya mahindi ya msaada.

Tukahamia baraza la gereji aliyofungua baba alipoacha lori, kila Jumamosi. Walikuja watoto saba, halafu kumi na mmoja. Baba, mzee sasa, alitukatia mikebe. Siku moja fundi mmoja alisema tena maneno yale ya kale, safari hii akimwonyesha yule msichana. Baba aliweka mkasi chini, akamwambia, "Ndugu yangu, huyo anajua anachofanya. Wewe kabureta ya jana bado inavuja."

Mvulana alirudi Kipsing kabla ya darasa la nane. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa kwao, na mikono yake ilihitajika kwa mbuzi waliobaki. Msichana alimaliza sekondari, akasomea umeme, akawa fundi wa pampu za visima. Watu wakisikia hayo huniambia, "Unaona? Mwisho ulikuwa mzuri." Mimi hukasirika upya. Alifika pale kwa jasho lake. Jaji yule hakumpa kitu, na hakuna siku ambayo mtu yeyote alimwita kumwambia kwamba gari lilikuwa lake.