Sura ya Kusugulia

Hester Pruett alisugua sakafu za jumba la picha za kuchora jijini London kwa miaka ishirini na mitatu, na hadi uzeeni hakumshukuru mtu yeyote kama alivyomshukuru Amos Tapsell, mlinzi wa mlango, aliyempigia teke ndoo ya maji.

Mwaka 1914 wanawake waliodai haki ya kupiga kura walivunja madirisha, hata picha za thamani wakazichana. Hester alivunja kioo kimoja cha posta, akafungwa mwezi mzima. Kazini alidanganya kwamba anamuuguza dada yake. Alikuwa mjane mwenye mabinti wawili. Kazi ikipotea, hapakuwa na wa kuwalisha.

Asubuhi moja, wafungwa wakizunguka uani, mwenzake Dolly Wragge alimnong'oneza, "Shoga, usigeuke. Ndani ya gari lile mna kamera. Polisi wanatupiga picha kwa siri."

"Basi waipate hii." Hester akakunja pua, akafumba jicho moja, akatoa ulimi pembeni. Dolly alicheka hadi askari jela akamfokea.

Hester alirudi kazini akidhani yamekwisha. Wiki ya tatu, kabla ya milango kufunguliwa, msimamizi aliingia na karatasi ya polisi yenye picha za wanawake kumi na wanane wa kuchungwa. Akamchukua Tapsell, wakawapitia wasafishaji mmoja mmoja.

Hester alikuwa amepiga magoti, akipambana na doa la nta. Alisikia viatu vikikaribia nyuma yake. Akazidi kusugua. Ghafla ndoo ikapinduka, maji yakamlowesha hadi kifuani.

"We mzee, huna macho?" Aliruka juu, hasira imemsahaulisha hofu. "Sketi yenyewe ninayo hii moja!"

"Nisamehe, Bi Pruett. Miguu imetangulia kuzeeka."

Msimamizi, naye viatu chepechepe, akamtazama Hester, akatazama karatasi. "Huyu je, Tapsell?"

"Huyu? Bwana, hapo kuna mwehu katoa ulimi. Ulimi wa huyu wetu, kama ulivyousikia, una kazi nyingine."

Msimamizi akacheka, akaenda kukausha viatu.

Kwa miaka minne Hester alimwita Tapsell "mpiga ndoo". Mwaka vilipokwisha Vita Kuu vya Kwanza, wanawake wa umri wake wakapewa haki ya kura. Siku aliyopiga kura yake ya kwanza, alipitia kwa Tapsell, ambaye alikuwa amestaafu, ili amringie.

"Na jela nilifungwa, mzee. Hukujua, eh?"

"Nilijua. Nilikuona kwenye karatasi."

"Mwongo! Sura ile hata mama yangu asingeitambua."

"Mama yako hakukuona ukisugua," Tapsell akasema. "Kila ukikutana na doa sugu unakunja pua, unafumba jicho, ulimi unatoka. Miaka sita nimeitazama sura hiyo. Na siku ile msimamizi yuko hatua mbili nyuma yako, nawe ulimi nje!"

Hester akaketi. Aliwafikiria binti zake, mkate waliokula miaka yote minne.

"Nami nikakutukana."

"Mno."

"Ndoo yako iko wapi?"

Tangu hapo, kila Jumamosi hadi mzee alipofariki, Hester alimsugulia sakafu ya jikoni. Tapsell aliketi kitini, miguu ameinua, akingoja doa sugu.

"Huo, Bi Pruett," alikuwa akisema. "Umetoka."