Ujumbe wa Msiba wa Mama Yangu Aliye Hai

Jamani, leo nimesoma kifo cha mama yangu kwenye simu.

Nipo sokoni mjini, ujumbe ukaingia kutoka chama chetu cha kuzikana: "Bi Mwanahawa wa Kihonda amefariki 01/01/1970."

Hiyo tarehe sikuiona. Niliona "amefariki" tu. Napiga simu, mama hapokei.

Nikapanda bodaboda, innalillahi mdomoni njia nzima.

Nakuta majirani wameshatandika mikeka. Mama kakaa katikati yao: "Kwani marehemu ndiyo mimi? Basi nipeni chai, marehemu ana njaa."

Nililia mbele za watu, wallahi.

Mpwa wangu Zuhura, aliyetengeneza programu ya chama, akaja mbio.

"Shikamoo bibi, nisamehe. Jana nilibadilisha jinsi programu inavyosoma tarehe. Ikikuta nafasi ya kifo iko tupu, inaijaza tarehe ambayo kompyuta huanzia kuhesabu siku, 01/01/1970, halafu inatangaza msiba. Nimeizima ilipotuma ujumbe wa kwanza tu."

Akanionyesha orodha ya waliojazwa tarehe hiyo ya kifo. La kwanza, jina la mama. La pili, langu.

Zuhura amesharekebisha, nafasi yangu iko tupu tena. Lakini tarehe yangu ya kifo nimeiona, ndugu zangu.

Nyie mngetulia?