Gauni Lililokataa Kukaa

Gauni la tatu nalo likagoma kukaa. Fundi Nyoosha alirudi nyuma, akakunja uso, akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto, na kila alivyoliangalia pindo lilikuwa lilelile, huku limeshuka, kule limepanda. Binti yake alikuwa amesimama kwenye zulia dogo mbele ya kioo, akimwangalia mama yake kupitia kioo hichohicho kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Vua," alisema Fundi.

Jina la Nyoosha alipewa na wateja, naye hakulikataa. Walikuja kwake wenye vitambi, wenye matege, wenye bega moja juu na jingine chini, wakatoka wamekaa sawa. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, na rundo la vitambaa vya watu wenye haraka. Mdomo nao alikuwa nao. Mteja akilalamika kwamba nguo inabana, alijibiwa kwamba nguo haijala chochote tangu juzi. Watu walicheka, wakalipa, wakarudi tena.

Sasa bingwa huyu alikuwa ameshindwa na sare ya shule ya mtoto wake mwenyewe. Na haikuwa sare iliyomkosesha raha. Alichoogopa ni kwamba mgongo wa binti umeanza kurudi ulikotoka, vyuma na skrubu alizofungwa hospitali zote zikiwa humohumo ndani.

Habari ya mgongo ule ilianzia kwenye chumba hikihiki. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, amekuja kujaribu gauni, mama akaona pindo limepanda upande wa kulia. Akadhani amekosea kukata. Alipopapasa mgongo akakuta uti unakwenda kombo, na bega la kulia limetuna kwa nyuma. Mama mwingine angekimbilia hospitali. Huyu alikimbilia mkasi. Akatia sponji ndani ya bega la kushoto, akaongeza pindo kulia, akapiga marinda kiunoni, na hakuna aliyejua, si walimu wala baba mtu. Akafanya hivyo kila gauni lilipobana, huku akijipa moyo kwamba mtoto anakua, atanyooka. Mgongo ulipozidi kujikunja hata nguo zikashindwa kuuficha, binti alifikishwa kwa daktari wa mgongo akiwa na miaka kumi na mitano. Daktari aliuliza swali moja tu, kwamba siku zote hizo walikuwa wapi. Fundi, mwenye jibu la kila mteja, aliangalia sakafu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Picha ilionyesha pingili zimepangana, na daktari akafurahi. Lakini wiki za mwanzo binti alilalamika kwamba sakafu imeinama. Akisimama sawa, alisema anaangukia kushoto. Akisema sasa niko sawa, walimwona ameegemea kulia. Dada wa mazoezi pale hospitali, mwanamke mpole asiyejua haraka, alieleza kwamba mgongo umenyooshwa kwa siku moja, ila mwili bado haujapata habari. Umezoea kombo kwa miaka, na hiyo kombo ndiyo unayoiona sawa. Utahitaji miezi kujifunza upya. Fundi aliitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa. Hakuelewa hata kidogo. Kwake yeye kitu kikishanyooshwa kimenyooshwa.

Hata hivyo malalamiko ya sakafu yakapungua, yakaisha, binti akaanza kutembea uani bila kushika ukuta. Ndipo shule ikakaribia kufunguliwa, na Fundi akamwita apimwe sare mpya, safari hii bila sponji wala ujanja, pande mbili sawasawa. Akakuta bega la kulia limeshuka na nyonga ya kushoto imetoka nje. Alishona hivyohivyo, gauni likakaa upande. Akakata kitambaa kingine, nacho kikaenda upande.

Akampeleka binti hospitali mbiombio. Dada wa mazoezi akamwambia atembee, ageuke, asimame. Binti akasimama wima, mabega yametulia.

"Sasa mama, tatizo liko wapi?"

"Nyumbani alikuwa ameinama," Fundi alisema, na aibu ikamshika. Alikuwa kama mtu aliyebeba redio mbovu hadi kwa fundi, ilipofika ikaanza kuimba yenyewe.

Waliporudi akampandisha tena kwenye zulia, akapima, akashona la tatu, nalo ndilo hilo lililogoma. Hapo akaanza kutoamini hata vitu vya ndani. Alihamisha zulia. Akageuza kioo. Akaweka bakuli la maji sakafuni kuona kama nyumba ndiyo iliyoinama, na maji yakatulia tuli. Wifi yake, dada wa mume, aliyeishi nao na hakuwahi kuiacha nafasi ya utani ipite, alikuwa ameegemea mlango na kikombe cha chai mkononi.

"Wifi, nenda kapime macho kwanza. Juzi ulitia uzi wa kijani kwenye suruali nyeusi ya watu."

"Macho yangu mazima."

"Basi mgonjwa ni nani, gauni?"

Siku nyingine angemjibu mpaka akimbie. Safari hii alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kukanyaga chochote. Picha ilisema mtoto amenyooka. Dada wa mazoezi alisema amenyooka. Gauni lilisema hajanyooka, na maisha yake yote alikuwa hajawahi kudanganywa na gauni.

"Kesho narudi kwa daktari mwenyewe," alisema. "Kama vyuma vimelegea, wafungue tena wavikaze."

Binti alikuwa bado nyuma ya pazia la kubadilishia nguo. Akatoka na gauni mkononi.

"Watanipasua tena?"

"Kama kuna kitu hakiko sawa."

"Lakini siumwi popote."

"Sasa mbona umeinama, mwanangu?"

"Sijui, mama. Mimi najiona nimesimama tu." Akaanza kulia, na shangazi mtu akaweka kikombe chini akamkumbatia, akimtazama wifi yake kwa jicho ambalo halikuwa na utani wowote.

Asubuhi yake Fundi alivaa nguo za kutokea, akaenda chumba cha nyuma kumhimiza binti wasichelewe. Akasimama mlangoni. Binti alikuwa anapiga pasi huku anazungumza na shangazi yake kupitia dirisha, wanacheka jambo lao. Alikuwa ameupa mlango mgongo. Mabega yake yalikuwa sawa. Nyonga zake zilikuwa sawa. Fundi alifikicha macho, maana sasa hata hayo alikuwa hayaamini. Kisha akafanya alichozoea kufanya kila anapotaka uhakika. Alivuta futi, ule utepe wa kupimia ambao hata leo alikuwa ameuning'iniza shingoni, akasogea taratibu, akailaza juu ya mabega ya binti.

Binti hakugeuka, wala hakukatisha maneno yake. Bega la kulia lilishuka. Nyonga ya kushoto ikatoka nje.

Fundi akaondoa futi, akasubiri. Taratibu mwili ukarudi. Akaiweka tena, bega likashuka tena.

"Kwa nini unafanya hivyo?"

"Nafanya nini?"

"Bega. Nikikuwekea futi unalishusha."

Binti alifikiri kidogo, pasi ikiwa hewani. "Si ndivyo ninavyotakiwa kusimama nikipimwa?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe, mama." Alisema bila lawama, kama anayetaja siku ya wiki. "Tangu ile mara ya kwanza. Ulinikandamiza bega hivi, ukanisukuma nyonga hivi, ukasema nibaki hapohapo, nikisimama hivyo hakionekani kitu."

Sponji Fundi aliikumbuka siku zote, na ilimuuma. Hili alikuwa amelisahau kabisa. Lakini viganja vyake havikusahau. Alivitazama, akaona jinsi kimoja kilivyojua kukandamiza na kingine kilivyojua kusukuma, kila gauni, miaka mitatu mizima, na mtoto mtiifu hatikisiki.

"Basi acha," alisema. "Leo hatuendi hospitali. Usisimame hivyo tena."

"Haya. Nisimameje sasa?"

Mji mzima Fundi aliwahi kuuambia namna ya kusimama.

"Sijui," alisema. "Kwa kweli, mwanangu, sijui."

Binti alimwangalia akiwa haelewi, kisha akarudi kwenye pasi yake maana shati la baba lilikuwa linasubiri. Fundi aliweka futi mezani, akaketi sakafuni nyuma ya mtoto na nguo zake za kutokea, machozi yakimtoka. Bega lilipanda kidogo, likashuka kidogo, likitafuta mahali pake. Kila lilipocheza, mikono yake ilitaka kuinuka ikalirekebishe. Akaikalia.