Chungu Tulichokifukia Yiti

Sikwenda Maskati kutembea. Dada yake mama, Bi Zuwena, alikuwa amepasuliwa goti, na watoto wake wote ni watu wa kazi, wanatoka asubuhi na kurudi magharibi. Alimpigia mama simu akaomba mtu wa kukaa naye mpaka aweze kujisimamia. Mimi ni mshoni, cherehani yangu inaweza kusubiri, basi nikachaguliwa.

Siku niliyoondoka Unguja kaskazi ilikuwa imeshika. Joto lilikuwa la kukosesha usingizi, na mama alinishindilia sweta ndani ya mkoba huku jasho likimtiririka. Nilimcheka. Asubuhi ya kufika Maskati nililivaa pale pale uwanja wa ndege, kabla hata sijamwona Khalfan, mtoto wa Bi Zuwena, aliyekuja kunipokea. Si baridi ya theluji, lakini upepo ule mkavu unaoshuka milimani unaingia mpaka kwenye mifupa ya mtu aliyetoka pwani yetu.

Qurum, nyumbani kwa mamkubwa, nyumba ni kubwa na barabara hazina watembea kwa miguu. Mtu akitaka mkate anawasha gari. Mamkubwa alikuwa akishinda barazani juani, shali mabegani, mguu umenyooshwa juu ya kiti. Kazi yangu ilikuwa kumpa dawa, kumsaidia kutembea kidogo, na zaidi kumsikiliza. Na alichokizungumza siku zile, kuliko goti, kilikuwa vyakula vya msimu wa baridi vya Bi Kanta.

Bi Kanta ni rafiki yake tangu wote wawili wasichana wa mtaa mmoja mjini Unguja. Baba yake alikuwa Mhindi wa Kachi, muuza viungo. Kanta aliozwa kwa muuza vitambaa wa Matrah, penye bandari ya Maskati, akaenda zake. Miaka ikapita, mamkubwa naye akahamia Maskati na mumewe, na siku moja sokoni Matrah akasikia mtu akibishana bei, na katikati ya Kiarabu likaponyoka neno la Kiswahili cha Unguja. Aligeuka akamwona Kanta. Tangu siku hiyo, kila baridi ikiingia, Bi Kanta alimletea adadiya. Ni vitamu vya kwao Kachi, vya unga wa choroko nyeusi uliokaangwa kwa samli, tangawizi kavu, iliki, kungumanga, lozi, na gundi ya mti ya kuliwa inayofura ikitiwa kwenye mafuta. Wanaamini kimoja asubuhi kinatia joto mwilini kutwa nzima.

Mwaka huu hazikuja. Bi Kanta alikwenda kumtazama hospitali mara moja, kisha kimya. Nilimwuliza mamkubwa kwa nini asimpigie yeye.

"Mimi ndiye mgonjwa," alisema. "Mgonjwa hupigiwa."

Alhamisi Khalfan alikuwa na shughuli Matrah. Mamkubwa akaniambia nifuatane naye nikaone soko, na nikipita kwa Kanta nimsalimie, ila nisiseme kwamba yeye ndiye aliyenituma. Khalfan alinishusha karibu na bandari, akanionyesha kichochoro kinachopanda nyuma ya maduka. Nyumba yenyewe nilionyeshwa na mpita njia, mlango uko wazi na makasha yamejaa ukumbini.

Bi Kanta alitoka jikoni akijifuta mikono kwa ncha ya sari. Mwanamke mfupi, mwepesi, nywele nyeupe zote. Aliniangalia sana kabla ya kusema.

"Wewe mtoto wa Zuleikha. Uso wake huo." Zuleikha ndiye mama yangu.

Alinikalisha juu ya kasha na kurudi jikoni, akanitolea mkate wa uwele aliouchapa kwa viganja, mnene, umebabuka huku na huku. Juu yake akamwaga samli na kumega sukari guru. Nilikula mikono ikiungua. Kwao, aliniambia, uwele ni wa baridi tu. Wakati wa joto hauliwi, unazidisha joto mwilini, na ladha yake huwa nzito mdomoni. Aliyazungumza haya kwa furaha kiasi kwamba nilichelewa kuuliza habari ya makasha.

Nilipouliza, alikaa chini. Dilip, mwanawe, alikuwa amefunga duka la vitambaa. Meli zinazotia nanga siku hizi Bandari ya Sultan Qaboos huleta watalii, na watalii hawanunui kitambaa cha kwenda kushona. Yeye na familia yake walikuwa wakirudi Kachi, Jumapili.

"Nilikwenda hospitali nimwambie," alisema. "Nikamkuta kalala, mguu umefungwa, ananiambia baridi ikija tutakula. Nikashindwa. Adadiya zake ziko tayari ndani ya bati. Nnasema nitampelekea siku nitakayomwambia, na kila siku nnasema kesho."

Aliniomba nisimfikishie mamkubwa habari ile. Jumamosi mkwewe, Hetal, mke wa Dilip, mtu wa Surat huko huko India, angepika undhiyu, chakula cha kufukiwa, ufukweni Yiti, waagane na jirani zao. Mamkubwa aje, na yeye Kanta atamwambia kwa mdomo wake.

Nilirudi Qurum na mwaliko tu. Mamkubwa alifurahi kama mtoto, akaanza kuulizia buibui lake jipya liko wapi. Lakini tulipokaa kula chakula cha jioni, Khalfan akasema, bila kujua anachokigusa, kwamba kasikia sokoni duka la akina Dilip limefungwa na Jumapili wote wanarudi kwao.

Mamkubwa aliweka kijiko chini. Aliniangalia mimi, nami sikuweza kuuzuia uso wangu.

"Matrah nzima wanajua," alisema. "Mimi niko hapa nakula dawa."

Nilimweleza usiku ule, na Ijumaa yote, kwa nini mwenzake alishindwa kumwambia. Alinisikiliza, akaitikia, akaomba chai. Jumamosi asubuhi akaniambia niende mwenyewe na gari la jirani zake Kanta, goti lake halitaki mchanga.

Yiti ni kijiji cha wavuvi, kusini-mashariki mwa mji, na barabara ya kwenda huko hupenya kwenye milima mikavu mpaka ghafla bahari inafunguka. Tulipofika, Hetal alikwishachimba shimo mchangani. Undhiyu, alinieleza, maana yake ni kitu kilichopinduliwa. Chungu cha udongo kilitandikwa majani ndani, kisha zikaingia fiwi mbichi, biringani ndogo na viazi vilivyochanjwa na kujazwa nazi, ufuta, giligilani na majani machanga ya kitunguu thomu, kisha kiazi kikuu cha zambarau, viazi vitamu, ndizi mbichi, na vidonge vya majani ya uwatu. Mdomo ukazibwa kwa majani, chungu kikageuzwa juu chini ndani ya shimo, na moto ukawashwa juu yake. Kwao Surat hula hivyo mashambani, msimu fiwi zinapokomaa, na haiwezekani kupika cha mtu mmoja.

Jirani mmoja, Harpreet, ni Mpunjabi. Yeye alileta majani ya haradali yaliyopikwa mpaka yakasagika, na mikate ya unga wa mahindi yenye donge la siagi juu. Akasema baridi ya Yiti ni mzaha. Kwao asubuhi ukungu hukufanya usiuone mkono wako, na chakula hiki huliwa watu wamezunguka moto, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinuka. Hetal akamjibu kwamba Wapunjabi wangekula siagi peke yake kama si aibu. Watu wakacheka, mabakuli ya halua ya karoti nyekundu yakapita mkono kwa mkono, na kwa muda nilisahau kwamba wale ni watu wanaoagana.

Bi Kanta hakusahau. Alikaa ameelekea barabarani. Kila gari lililoshuka alilitazama mpaka milango ifunguke.

Adhuhuri ilipopita Hetal akasema chungu kimeiva. Bi Kanta akasema bado. Nikasogea pembeni nikapiga simu Qurum. Alipokea Khalfan, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake kavaa buibui tangu asubuhi, kakaa kwenye kiti karibu na mlango. Kila akimwambia gari liko tayari, anajibu angoje kidogo.

Nilirudi nikamwambia Bi Kanta kwamba mwenzake kavaa.

"Kama kavaa atakuja," alisema, na akamkataza Hetal kuugusa moto.

Tukangoja. Watoto wa Harpreet wakaanza kulia njaa, wakapewa mikate ya mahindi. Upepo ukageuka, jua likapungua ukali, na harufu iliyokuwa tamu ikaanza kuwa ya kitu kinachoungua. Hetal alimtazama mama mkwe wake. Mwisho Bi Kanta mwenyewe ndiye aliyeinuka, akasukuma makaa kwa koleo.

Chungu kilipopinduliwa tuliona fiwi za kandokando zimekuwa nyeusi na viazi vimegandana na udongo. Watu walikula na kusifu. Mimi pia nilisifu. Katikati palikuwa pamesalimika, na kutoka hapo Bi Kanta alichagua, kipande kwa kipande, biringani laini, kiazi cha zambarau, vidonge vya uwatu, akavipanga ndani ya bakuli la chuma, akalifunga kwa kitambaa. Akaniwekea na bati la adadiya mapajani.

"Mwambie ale kingali na joto."

Lakini kutoka Yiti mpaka Qurum ni mwendo, na tulifika magharibi. Mamkubwa alikuwa bado na buibui. Nilitaka kukipasha moto, akakataa. Alifungua kitambaa, akala kwa mkono, kimepoa hivyo hivyo, taratibu, mpaka kikabaki kidogo.

"Kimekaa sana motoni," alisema.

"Alikuwa anakusubiri, mamkubwa."

Kisha akamwita Khalfan, akamwambia kesho asubuhi wampeleke Matrah kabla watu hawajaondoka.

Jumapili aliamka alfajiri, akajitayarisha. Na gari lilipokuwa tayari akakaa tena kwenye kiti kile. Alisema aanze chai. Alisema mkongojo haukazi vizuri. Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono, naye akaning'ang'ania asiniachie, nikajua hasira ilikuwa imekwisha zamani, na kilichobaki ni woga wa kuona makasha yale. Khalfan alimnyanyua karibu kwa nguvu.

Bandarini palikuwa na meli kubwa ya watalii na mabasi yamejipanga, magari yakitambaa. Kichochoroni gari haliingii. Mamkubwa alipanda kwa mkongojo, akiniegemea, akipumzika kwenye kila ngazi ya mlango wa watu. Tulipofika, Dilip alikuwa peke yake akifagia ukumbi mtupu. Yeye alikuwa abaki siku chache kukabidhi nyumba. Mama yake na Hetal walikuwa wameshakwenda uwanja wa ndege. Alijaribu kumpigia mama yake, simu ilikuwa imezimwa.

Mamkubwa alikaa kizingitini. Alimwuliza Dilip kama mama yake alikula chochote asubuhi ile. Dilip akasema hakula.

Kabla sijaondoka Maskati Bi Kanta alipiga simu kutoka Kachi. Nilikuwepo barazani. Mamkubwa alisikiliza, akauliza kama huko kuna baridi, akaambiwa ipo, analala na mablanketi mawili. Naye akasema hapa imeanza kupungua. Wakaulizana hali za watoto. Yiti haikutajwa na yeyote. Baada ya simu mamkubwa aliliosha lile bakuli la chuma, ingawa lilikuwa safi, akaniuliza, kama anayeuliza saa, sasa hili atalirudisha kwa nani.

Nimerudi Unguja na joto letu. Nilijaribu kuwapikia nyumbani mkate wa uwele, nao ukawa vile vile Bi Kanta alivyosema, mzito mdomoni. Mama alikula kwa adabu tu. Nilimsimulia safari yote kama nilivyowasimulia nyinyi, na nilichojifunza pia: kwamba wale wawili hawakukosana hata siku moja. Walipendana mno hata wakashindwa kuagana, na kwa kukwepa uchungu huo wakapoteza mchana mmoja uliokuwa bado mikononi mwao.

Mama aliniuliza kama Kanta alimtaja. Nikamwambia alilijua jina lake usoni mwangu. Akasema siku moja, akipata nafasi, atampigia.

Nilichukua simu, nikabonyeza namba ya Kachi, nikampa mkononi ikiwa inaita.