Ndege yetu ya hydrogen ilivyoshikiliwa Kojani kwa sababu ya halua

Wakuu, asalaam aleikum. Na nyie mnaosoma kimyakimya nawaona.

Haya yamenikuta mwenyewe. Chumvi sijaongeza, sina hata ya kuongeza.

Mimi fundi umeme hapa Wete. Tuko watatu, tunaunda kindege kisicho na rubani ndani, mabawa mita tatu. Petroli hakijui. Kina mtungi wa hydrogen, gesi inakutana na hewa kwenye fuel cell, unapatikana umeme, umeme unazungusha pangaboi. Moshi wake ni mvuke wa maji tu. Mnaotaka kubisha subirini nimalize.

Kazi yangu ni mizani. Kila gramu naijua. Wenzangu wananiita Mchoyo.

Wafadhili wakatupa mtihani mmoja: kitoke Wete, kivuke mkondo hadi kisiwa cha Kojani upande wa mashariki na kirudi siku hiyohiyo, wao wakitazama kwa video. Kikishindwa, mradi unafungwa. 

Tunapima mara ya mwisho: kimezidi kilo nzima!

Tukapagawa. Tukabandua hadi stika za wafadhili. Wapi! Nafungua tumbo la ndege, nakuta kikapu cha halua.

Bi Time, mwenye nyumba wetu pale Jadida, wala hakushtuka.

"Chombo chenda Kojani, nami nna ndugu yangu kule, kende kitupu? Nyie mmelelewa na nani?"

(Kwetu hata anayekwenda hospitali anatwikwa mzigo wa watu. Ndege ingeponea wapi?)

Nikakitoa kikapu. Nikajiona shujaa.

Kikaruka, kikavuka vizuri kabisa, mwenzetu Salim, aliyetangulia kule, akakitua pwani ya Kojani. Nililia, wallahi.

Mara simu. Salim.

"Kaka, tumekamatwa."

Kumbe Bi Time alishampigia mdogo wake, Bi Mize, kwamba halua inakuja kwa ndege. Bi Mize kaja na mashoga zake, kafungua tumbo, hamna kitu. Sasa kakaa mchangani, bawa kalikumbatia, namsikia kwenye simu anafoka:

"Mwambie huyo ntu wenu wa mizani, hakitoki hiki mpaka nile halua yangu!"

Wafadhili wanauliza wale kina mama ni akina nani. Nikajibu: kamati ya usalama.

Nikakimbilia pwani ya mashariki kwa gari, nikapanda boti na kikapu, nikafika nimelowa hadi kiunoni. Bi Mize akaonja, akaridhika. Halafu akatia pweza mkavu wa dada yake ndani ya ndege. Kilo nzima.

"Chombo cha watu hakirudishwi kitupu, mwanangu."

Mimi huyu, ninayekata ncha za skrubu! Ningefanyaje? Nikafungua magurudumu yote kupunguza uzito, Salim akakimbia nacho, akakirusha kwa mikono. Kikarudi Wete, mwenzetu wa tatu akakitua kwa tumbo, salama.

Wafadhili wakapiga makofi: hongereni, mmebeba na mzigo, hatukuwaomba hata. Mradi unaendelea.

Nikampelekea Bi Time pweza wake. Ndege hakuitupia hata jicho.

"Enhe, halua kaisifu?"

Funzo: ukiunda ndege Pemba, anza na mzigo wa kina mama, hydrogen baadaye. Kwenye mchoro mpya nimeshamwekea Bi Time kilo mbili.

Wa kuniita muongo karibuni. Ila wenye ndugu Kojani, tafadhali msinitume kitu.